Maji ya Mtihani Kule Eldas

Siku yangu ya kwanza kazini nilitaka kuwaonyesha wanafunzi mwali wa moto wa zambarau, nikawaonyesha wa manjano. Nikarudia. Manjano. Nikarudia tena huku jasho likinitiririka mgongoni, na vijana wa shule ile ya Garissa wakanitazama kimya, kwa ile adabu ambayo mwalimu mgeni huiogopa kuliko kelele.

Jaribio lenyewe ni jepesi. Unachovya waya msafi kwenye chumvi ya madini fulani, unauweka motoni, na moto unabadilika rangi. Shaba hutoa kijani. Potasiamu hutoa zambarau hafifu. Sodiamu, ambayo imo kwenye chumvi ya kula, hutoa manjano kali inayozifunika rangi nyingine zote. Mimi nilikuwa na potasiamu kwenye chupa, lebo ikisema potasiamu, na moto ukinikanusha mbele ya darasa zima.

Mkuu wa Idara ya Sayansi alikuwa amesimama mlangoni muda wote ule. Alikuwa mzee wa Busia aliyevaa kandambili chini ya koti jeupe la maabara, na hakuwa na haraka na kitu chochote duniani.

"Madam," akaniuliza, "huo waya umeusuuza kwa maji gani?"

"Ya mfereji, mwalimu."

"Mfereji unatoka kisimani, na kisima kina chumvi. Huku maji yanajibu swali kabla ya mwanafunzi. Shukuru uko Garissa, ukikwama unateka ya mtoni. Wakikupeleka mbele, utalia."

Wakanipeleka mbele, na nikalia.

Kwanza niwaambie ninyi walimu vijana mnaosoma haya kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Nilizaliwa nao. Nikifunga mlango narudi kuujaribu. Mama yangu kule Mwingi alikuwa akisema nimechagua kazi mbaya kwa moyo kama wangu, maana kemia ina chupa zinazovunjika, asidi zinazochoma na gesi zisizoonekana. Lakini niligundua mapema kwamba wasiwasi ni chombo cha kazi. Mwalimu wa kemia asiye na wasiwasi atachoma mtoto siku moja.

Mkurugenzi wa Elimu ndiye aliyeniita ofisini kwake kunieleza habari ya uhamisho wa kwenda Hadado, upande wa Wajir. Alinitazama kutoka viatuni hadi kichwani. "Kule ni ngamia na vumbi," alisema. "Wewe mwanamke wa bara, utaweza?" Nikamjibu kwamba sijui. Akacheka, akasema wote waliomwambia wataweza walikuwa wamerudi kabla ya muhula kwisha, kwa hiyo huenda asiyejua akakaa. Nilikaa.

Hadado ndipo nilipojua maana ya maji magumu. Sabuni haitoi povu, inaganda mkononi. Chai ina chumvi hata kabla ya kutiwa sukari. Niliweka maji ya kisima kwenye neli ya kioo, nikadondoshea nitrati ya risasi, na papo hapo yakawa meupe. Ule weupe tunauita mashapo. Ni kitu kigumu kinachojitokeza vimiminika viwili vikikutana, na kwa mashapo hayo mwanafunzi hutambua kilichomo ndani ya chumvi aliyopewa. Sasa fikiria mtihani wa vitendo. Mtoto anayeyusha chumvi yake kwenye maji hayo, anadondosha dawa, anaona weupe, anaandika kwamba chumvi ina sulfati au kloridi. Kumbe ni kisima kinachosema. Darasa zima linaandika jibu la kisima, na msahihishaji wa Nairobi anadhani watoto wa huku hawajasoma.

Ndiyo maana tunatumia maji yaliyokenekwa, yaani maji yaliyochemshwa, mvuke wake ukanaswa na kupozwa ukawa maji tena. Chumvi hazipandi na mvuke, zinabaki chini. Maji hayo yalikuwa yakitufikia kwa lori kutoka Garissa ndani ya madumu, na nilikuwa nikilala nayo chumbani, madumu yamepangwa ukutani, mimi nimeyaelekea. Walimu wenzangu walinitania kwamba nimeolewa na maji.

Baada ya Hadado nilihamishiwa Eldas, katika shule ya wasichana iliyokuwa bado changa. Nilipokuwa huko ndipo ikaja ile miaka barabara ilipochafuka kwa mashambulizi, na walimu wa bara, wasio wenyeji, wakaanza kuomba uhamisho mmoja baada ya mwingine. Hesabu ikabaki bila mwalimu, kisha fizikia. Mama alinipigia kila jioni. "Kavata, unarudi lini?" Nilimwambia karibu. Sikubaki kwa ushujaa, na msije mkaniandikia hivyo siku ya kuniaga duniani. Usiku nilisikiliza kila gari. Nilibaki kwa sababu kidato cha nne kilikuwa na wasichana waliofikia mlangoni mwa mtihani, na nilijua nikitoka hakuna atakayeingia.

Kati yao alikuwamo Fardosa. Mama yake mzazi alifariki Fardosa akiwa mdogo, akalelewa na mama yake mdogo, Halima, ambaye wasichana wote walimwita Habaryar, neno la Kisomali la mama mdogo. Habaryar Halima alikuwa na kibanda cha chai karibu na soko la mifugo, na maziwa yake ya ngamia yalijulikana mji mzima. Alikuwa peke yake, magoti yake yakimsumbua, na alimhitaji Fardosa kibandani. Walipatana mbele yangu, mimi nikiwa nimeshika kikombe cha chai. Fardosa amalize kidato cha nne. Akipata alama za kumpeleka chuoni, aende. Asipopata, hakuna kurudia mtihani, anarudi kibandani.

"Mimi sikatai shule, Madam," Habaryar aliniambia. "Lakini mguu yangu imekataa kazi. Mwaka ingine mimi siwezi ngoja."

Fardosa alitaka kuwa mwalimu wa kemia. Hesabu yake ilikuwa ya wastani, kwa kuwa mwalimu wa hesabu alikuwa ameondoka. Kiingereza chake kilisuasua. Ni kemia iliyokuwa imebaki ya kumbeba, na kemia hiyo ilikuwa mikononi mwangu. Kuanzia siku ile sikupata kunywa chai ya pale kwa raha.

Muhula wa mwisho nilianza marudio, na nikayaanzia mwanzo kabisa. Elementi ni nini, kampaundi ni nini, mchanganyiko ni nini. Wasichana walinuna. Walitaka mambo mazito, yale ya kukokotoa.

"Madam, hii tulimaliza Fomu Wani," alilalamika mmoja.

"Mliimaliza, au iliwamaliza?"

Nikawaletea majivu ya jikoni, nikayakoroga na maji, wakachovya karatasi nyekundu ya litmasi. Ikageuka buluu. Majivu ni besi. Nikawaletea maziwa ya ngamia yaliyochacha, litmasi ya buluu ikawa nyekundu. Hiyo ni asidi. Nikawaletea maji ya kisima na kuwauliza: haya ni kitu kimoja, au ni vitu vingi vilivyochanganyika? Wakasema ni vingi. Tutavitenganishaje? Kuchuja hakusaidii, walisema, kwa sababu chumvi iliyoyeyuka hupita kwenye kichungi pamoja na maji. Tulichora mitungi ya kukenekea ubaoni, na bomba la kioo la kupoza mvuke ambalo shule yetu ilikuwa nalo moja tu, nalo limevunjika. Mwalimu Mkuu, mwenyeji wa Wajir, mtu mwema lakini mwepesi wa kukata tamaa, alipita dirishani akauliza kama kweli tunajiandaa kwa mtihani au tunacheza kalongolongo.

Mtihani ulipokaribia, kemikali zilifika salama kwa gari dogo. Maji, kwa kuwa ni mazito, yaliachwa yaje na lori. Kisha mvua za mwisho wa mwaka zikaanza kunyesha, barabara ikawa tope jeusi, na dereva akapiga simu kwamba lori limezama hadi ekseli na hajui litatolewa lini.

Nilikaa kwenye ngazi za maabara. Halafu mvua ikatufikia hata sisi, nikaruka nikishangilia, maana maji ya mvua yanakaribia sana maji yaliyokenekwa. Yamepanda kwa mvuke kutoka ardhini na kurudi yenyewe. Tuliyakinga kwa karatasi za plastiki zilizotandazwa uwanjani, mbali na mabati yenye vumbi. Tatizo likawa vyombo, kwani madumu yetu yote yalikuwa na ukoko wa chumvi ya kisima. Fardosa akakimbia kwa mama yake mdogo. Akarudi na mikebe mikubwa ya bati ya kubebea maziwa, na Habaryar mwenyewe nyuma yake, anachechemea, amelowa, anasimamia kila mkebe ukijazwa. Nilimshukuru mpaka akaona haya.

Mvua ikakatika. Jua likawaka. Asubuhi ya siku iliyotangulia mtihani wa vitendo nilifungua mkebe wa kwanza ili nitengeneze myeyusho, na harufu ikanipiga usoni.

Moshi.

Waliokaa huku wanajua. Chombo cha maziwa hakihesabiwi kuwa kisafi mpaka kifukizwe. Mama anawasha vijiti vya mti maalumu, anatia makaa mekundu ndani ya chombo, anakitikisa, anamwaga, anafuta. Moshi huo huzuia maziwa yasichache upesi na huyapa ladha ambayo mpaka leo naiota. Habaryar alikuwa ameambiwa maji haya ni ya mtihani wa mwanawe. Alikuwa ameifukiza mikebe yote kwa mikono yake, vizuri kuliko siku zote, na akaacha humo masizi na majivu.

Nilichovya litmasi nyekundu. Ikaanza kugeuka buluu taratibu. Nikadondosha nitrati ya risasi, maji yakawa na ukungu mweupe. Nikafungua mkebe wa pili, wa tatu. Yote vilevile. Neli ikaniponyoka.

Mwalimu Mkuu alikuja mbio aliposikia. "Madam, wallahi, tumia hayo hayo. Maji ni maji."

"Mwalimu, kwa maji haya wote wataandika jibu la majivu."

"Sasa utatoa wapi mengine? Mbinguni kumekauka."

Nikawakusanya wasichana, nikawaambia ukweli wote, nikaona nyuso zao zinavyoanguka. Fardosa alikuwa mweupe midomoni. Alijua mikebe ni ya nani. Nikawauliza: "Huu ni mchanganyiko. Tunautenganishaje?"

Mmoja akasema bomba la kupoza limevunjika. Ndipo Fardosa, bila kuniangalia, akasema, "Bomba si lazima, Madam. Mvuke unataka tu mahali baridi pa kugusa. Sufuria ya kifuniko inatosha."

Alikuwa sahihi, tena kwa somo lile lile la kidato cha kwanza. Unaweka maji sufuriani, katikati unasimamisha bakuli juu ya jiwe safi, unafunika na kifuniko kilichopinduliwa, na juu ya kifuniko unaweka kitambaa chenye maji baridi. Mvuke unapanda, unagusa ubaridi, unadondokea bakulini. Lakini jiko la shule lilikuwa na chungu kimoja kikubwa kilichojengewa, chenye mafuta ya miaka mingi ya maharagwe. Sufuria pana zenye vifuniko, na nyingi za kutosha, zilikuwa kwa mtu mmoja tu pale mjini.

Tulikwenda mimi na Fardosa. Nilimweleza Habaryar kwa upole nilioweza. Akasikiliza, kisha akaweka chini kijiko chake.

"Moshi yangu ni uchafu?" akauliza. "Mwaka yote umekunywa maziwa yangu, ukasema tamu. Leo ni uchafu? Fyombo yangu ni safi kushinda nyumba yako!"

"Ni safi, Habaryar. Maziwa yanahitaji moshi wako. Lakini mtihani unataka maji yasiyo na kitu chochote ndani."

"Maji isiyo na kitu? Nani atakunywa hiyo?"

"Hakuna. Hata ladha hayana."

Wateja waliokuwa wameketi kwenye benchi wakacheka. Yeye hakucheka. Sufuria zilikuwa motoni, zimejaa chai ya mchana, na wafanyabiashara wa mifugo walikuwa wameanza kuingia. Nilijua ninachomwomba, afunge kibanda siku ya soko ili mtoto anayemtegemea apate njia ya kumwacha. Nilitamani ardhi inimeze.

Fardosa alichuchumaa mbele yake, akamshika magoti yale mabovu, akasema maneno machache kwa Kisomali. Kisomali changu ni cha sokoni, sikuyapata. Habaryar akasimama kwa shida, akashika sufuria kubwa kuliko zote, na kumwaga chai yote nje, mchangani, wateja wakipiga kelele.

Njiani nilimuuliza Fardosa alimwambia nini. Alikuwa amebeba sufuria kichwani, sikuuona uso wake.

"Nilimwambia, Habaryar, nisaidie niondoke."

Mchana ule wote jiko la shule lilifuka. Tulizisugua sufuria kwa mchanga, tukazisuuza, tukaanza. Habaryar Halima alikaa kwenye kigoda akichochea moto kwa utaalamu ambao hatukuwa nao, moto mdogo, wa kutulia, ili maji yasirukie bakulini. Mimi nilizunguka na leso yangu nikifukuza moshi usikaribie mabakuli, mpaka akanikemea: "Madam, kaa chini! Unatia moto wasiwasi!" Bakuli la kwanza lilipojaa nililipeleka maabara, wasichana wakinifuata. Nikadondosha nitrati ya risasi. Tukasubiri. Maji yakabaki maangavu kabisa. Hakuna aliyeshangilia, tuliogopa kulisema jambo lile kwa sauti. Tukarudi jikoni. Adhana ya magharibi iliposikika tulikuwa na ya kutosha, kwa kubana.

Kesho yake nilikaa chumba cha nyuma ya maabara wakati wa mtihani, nikisikiliza vioo vikigongana. Kila kioo kilipolia nilishtuka. Fardosa alipotoka alinipita bila neno. Nikadhani mambo yameharibika. Baadaye nilimkuta jikoni anaosha sufuria za mama yake mdogo, machozi yanamtoka, akaniambia maji yalitoka maangavu pale yalipotakiwa kuwa maangavu, na meupe pale yalipotakiwa kuwa meupe.

Alipata alama za kumwingiza chuo. Hakuongoza, lakini alipata. Leo anafundisha kemia Lafey, karibu na mpaka, mahali ambapo walimu wa bara hawaendi tena, na wasichana wake wanamwita Madam.

Mimi nimestaafu. Nawaachia ninyi maabara zenye bomba zima na malori yanayokwama bado. Msidharau kidato cha kwanza. Marudio ya mambo ya msingi yanachosha, na mtoto atawanunia, lakini siku ya shida mambo mazito hupotea kichwani, na yale ya mwanzo ndiyo yanayobaki. Na mkiwa na wasiwasi, msiuonee haya. Mimi nilitegemea kwamba ukistaafu unaondoka. Haujaondoka. Umehamia Lafey.

Kabla sijarudi Mwingi kukaa, nilikwenda Eldas kuaga. Nilimkuta Habaryar Halima kibandani, amezeeka, msichana wa jirani anamsaidia kupeleka vikombe. Simu yake ilikuwa kwenye meza, skrini juu. Mtandao wa Lafey ulikuwa umekatika tangu juzi, na Fardosa hapatikani.

"Nilimsaidia kuondoka," alisema, "na sasa kila siku naogoba."

Nikamwambia na mimi naogopa. Tukakaa hivyo, wanawake wawili wazima, tunaitazama simu. Akanimiminia chai ya maziwa yenye ule moshi wake, nikainywa polepole. Kibanda kilijaa watu na msichana hakuwa akiwamudu, kwani chai ilipikwa kwenye sufuria mbili ndogo. Ukutani ilining'inia ile kubwa, ndani yake inang'aa.

"Habaryar, si upikie ile?"

"Ile habana," alisema. "Ile sijatia chai, sijafukisa tangu siku hiyo. Ni ya maji isiyo na kitu."

"Lakini Fardosa alishamaliza."

Aligeuka akanitazama kana kwamba asiyesoma ni mimi.

"Na lori ikikwama tena, Madam, na mtoto ya mtu ingine anataka kuondoka?"